Kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15: kinalipa kwa matango?

Ukiulizia kitalu nyumba kwa wauzaji wa Arusha, Morogoro au Dar es Salaam, saizi utakayotajiwa mapema ni mita 8 kwa 15, yaani mita za mraba 120. Seti huja na nguzo na matao ya mabomba ya chuma au ya miti ya mkaratusi, nailoni ya paa, wavu wa pembeni, mipira ya dripu, simtanki la lita 500 au 1,000, na mara nyingi mbegu za kuanzia pamoja na bwana shamba wa kukutembelea mara mbili tatu. Baada ya nyanya na hoho, zao linalotumika sana kuiuzia seti hii ni tango, kwa sababu linaanza kuvunwa mapema. Tathmini hii inaitazama seti kwa jicho la tango peke yake. Hoho ina hesabu zake.

Kama jengo, si bidhaa mbaya. Kama mradi wa matango, seti moja ya saizi hii ni ndogo mno kubeba gharama zake, na vipeperushi vya wauzaji havisemi hivyo. Vinazidisha idadi ya miche kwa kilo 10 au 15, kisha kwa bei ya juu ya sokoni, halafu vinatangaza kwamba pesa inarudi ndani ya msimu mmoja. Tutafika kwenye hesabu. Kwanza jengo, maana kasoro zake ndizo zinazokuja kuharibu hesabu.

Fremu ya mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hudumu miaka 10 na zaidi ikifungwa vizuri. Ya mkaratusi uliotiwa dawa ihesabie miaka 4 au 5, na huanza kuoza pale nguzo inapoingia ardhini. Kasoro kubwa ya fremu nyingi haionekani siku ya makabidhiano. Mche mmoja wa tango ulioshiba, pamoja na majani na matunda yanayosubiri kuvunwa, hufika kilo 3 hadi 4. Kitalu hiki kinachukua miche 280, kwa hiyo ni karibu tani nzima inayoning'inia kwenye waya. Fundi akizifunga waya za mimea moja kwa moja kwenye matao ya paa, uzito wote huo unayavuta matao kwa ndani. Bomba jembamba hujipinda taratibu, nailoni inalegea, maji ya mvua yanatuama juu yake na paa linazidi kulemewa. Dai nguzo za ndani zinazojitegemea, moja kila mwisho wa tuta na nyingine katikati, zenye waya wa milimita 2.5 uliokazwa kwenye kimo cha mita 2 hadi 2.2. Nguzo hizo mara nyingi hazimo kwenye bei uliyotajiwa. Uliza.

Kimo cha kuta nacho kina maana. Ukuta wa pembeni wa mita 2 unapunguza bei ya seti, lakini joto hukaa palepale kwenye ncha za mimea. Mita 2.5 ndiyo ya kuanzia, na 3 ni bora. Paa liwe na upenyo wa kutolea joto juu kabisa, uliofunikwa wavu. Jengo lisilo na upenyo huo, hata liwe la chuma kizuri namna gani, lisinunuliwe kwa ajili ya matango sehemu yoyote iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Tango hupenda nyuzi 24 hadi 28 mchana. Likipita 35 kwa saa nyingi, maua yanapukutika na matunda yanajikunja. Ndani ya nailoni iliyofungwa Dar es Salaam au Tanga, saa 7 mchana, nyuzi 40 hazina ugumu wowote kufikiwa.

Kwa mtu wa pwani, basi, nailoni ibaki paani tu kuzuia mvua, na kuta zote nne ziwe wavu mtupu. Kuna wanaouziwa nyumba ya wavu juu na chini kwa sababu ni rahisi. Inapunguza jua na wadudu, lakini mvua inapita, majani yanalowa, na ubwiri vinyoya unaingia kama kawaida. Ugonjwa huo unahitaji jani libaki bichi kwa saa chache tu usiku wa baridi kiasi. Ukishakuwa na paa lisilovuja, na ukawa unakunja mapazia ya pembeni mapema asubuhi ili umande ukauke, umeukata sehemu kubwa bila dawa. Ubwiri unga ni habari nyingine: hauhitaji maji kwenye jani, na ndani ya kitalu ndio utakaokusumbua zaidi.

Hapo tunafika kwenye nailoni. Ya unene wa maikroni 200 yenye kinga ya mionzi ya jua hudumu miaka 3 hadi 4. Dawa ya bei nafuu na ya siku zote dhidi ya ubwiri unga ni salfa, na salfa huila ile kinga. Ukiipuliza kila wiki nailoni inaanza kukatika kabla ya wakati, hasa pale inapogusa chuma chenye joto. Watengenezaji wengi wa nailoni huweka kiwango cha salfa kwenye masharti ya dhamana, hivyo ukienda kudai utaulizwa ulipuliza nini. Dawa ya jambo hili ni mbegu yenye uvumilivu wa ubwiri unga, pamoja na kuondoa majani ya chini yaliyozeeka kila wiki. Salfa iwe ya dharura. Mahali nailoni inapolala juu ya bomba, pakwe rangi nyeupe au pafungwe utepe mweupe. Gharama yake ni ndogo na inaongeza uhai wa paa.

Wavu uwe wa meshi 50 (matundu 50 kwa kila inchi), si wa 40 na si wa kivuli. Nzi weupe hupita kwenye matundu makubwa kuliko hayo, na vithiripi wengine hupenya hata kwenye meshi 50. Lakini wavu mdogo matundu hupunguza upepo, ndiyo maana wavu na upenyo wa paa vinakwenda pamoja. Faida ya wavu kwa tango haiko kwa nzi weupe tu. Nje, inzi wa matunda hutaga ndani ya tango changa, na tunda linaoza au linapinda likiwa bado kwenye mche. Wavu mzima unammaliza mdudu huyo bila tone la dawa. Neno lenyewe ni mzima: tundu la ngumi karibu na mlango linatosha kuufanya uwe pambo. Milango iwe miwili yenye chumba kidogo katikati. Seti nyingi zina mmoja.

Kuhusu maji, simtanki la lita 500 halitoshi, na hilo halina mjadala. Mche uliokomaa hunywa lita 2 kwa siku ya kawaida na 3 siku ya jua kali. Kwa miche 280 ni lita 560 hadi 840. Chukua la lita 1,000, na lipandishwe kwenye stendi ya mita moja na nusu. Mpira wa dripu ulioandikwa lita 1.6 kwa saa umepimwa kwa presha ya bar 1, wakati stendi ya mita moja na nusu inakupa bar 0.15, hivyo kila tundu litatoa kama lita 0.6 kwa saa. Matuta matano ya mita 14, kila moja likiwa na mipira miwili yenye matundu kila sentimita 30, yana matundu kama 466. Jumla ni lita 280 kwa saa. Kwa hiyo siku ya kawaida unahitaji saa mbili za dripu, na ni vizuri uzigawe mara tatu au nne kuliko kumwaga zote asubuhi. Tango lina mizizi ya juujuu. Likikosa maji mchana mmoja, matunda yanayokua yanajipinda, na mengine yanakuwa machungu upande wa kikonyo.

Pima maji kabla ya kulipa chochote. Tango halivumilii chumvi: maji yanayozidi desisimensi 1.7 kwa mita (kipimo cha chumvi kwenye maji) yanaanza kukata mavuno, na visima vingi vya pwani vinapita hapo. Upande wa Arusha na Meru maji ya visima mara nyingi yana magadi na floraidi. Magadi huziba dripu kwa ukoko mweupe. Kichujio cha meshi 120 kinachokuja na seti hakizuii ukoko huo, kwa kuwa unaundwa baada ya maji kuchujwa. Unahitaji kusafisha mipira kwa asidi nyepesi kila mwisho wa msimu, kazi ambayo mabwana shamba wa seti ni nadra kuifundisha.

Tuzungumzie mbegu, kwani hapa ndipo pesa nyingi hupotea kijinga. Matango ya kawaida ya duka la pembejeo, kama Ashley na Marketmore 76, yana maua dume na maua jike, na yanahitaji nyuki. Ni mbegu nzuri za shamba la wazi. Ukizipanda ndani ya wavu wa meshi 50, nyuki hawaingii. Utaona mimea mizuri ya kijani, maua ya kutosha, na vitunda vinavyogeuka njano vikiwa na urefu wa kidole. Mkulima anakimbilia mbolea, kisha dawa ya ukungu, na msimu unakwisha. Kitalu kinahitaji chotara linalozaa maua jike matupu na kukuza tunda bila kuchavushwa. Swali dukani liwe wazi: hii inazaa bila nyuki? Muuzaji akisitasita, ondoka. Na kinyume chake ni kweli vilevile: chotara hilo likifikiwa na nyuki kupitia wavu uliotoboka, matunda yanajaza mbegu upande mmoja na kuvimba kitako.

Machotara hayo yako ya aina mbili kuu. La kwanza ni tango refu la sentimita 30 hadi 40 lenye ngozi nyembamba, ambalo lazima lifungwe nailoni moja moja, la sivyo linanyauka ndani ya siku mbili. Liache mpaka uwe na oda iliyoandikwa. La pili ni tango fupi la sentimita 14 hadi 18, laini, lisilo na mbegu, linaloliwa bila kumenywa. Hili linazaa sana na ndilo linalofaa kitalu kidogo. Shida yake ni kwamba dalali wa soko la jumla amezoea tango kubwa la kijani kilichokolea, na hili anaweza kukwambia umevuna changa. Yako machotara ya katikati, ya sentimita 18 hadi 22, yenye sura ya tango la kawaida. Kwa mtu ambaye bado hajashika mnunuzi wa hoteli au supamaketi, hayo ndiyo salama.

Kupanda kwenyewe hakuna siri. Matuta matano ya upana wa mita 1, njia za nusu mita, mistari miwili kwa tuta, sentimita 50 kati ya mche na mche. Miche ikae kwenye trei wiki mbili hadi tatu, ihamishwe ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, kwa sababu ikizidi hapo mizizi inajizungusha na mche unadumaa. Maua na machipukizi yote ya sentimita 40 hadi 50 za chini yaondolewe. Hilo linawauma wengi kwa kuwa ni matunda ya kwanza yanayotupwa, lakini mche ukizaa kabla ya kujenga mizizi unachoka wiki ya nne ya mavuno. Machipukizi ya pembeni yapunguzwe kila siku mbili. Ukifika kwenye waya, kata ncha, acha matawi mawili yashuke. Mavuno huanza wiki ya tano au ya sita tangu kuhamisha, na yakitunzwa yanaendelea kwa wiki nane hivi. Ukijumlisha kitalu cha miche, mzunguko mzima ni kama wiki 16.

Sasa hesabu. Bei zilizo hapa ni za mfano, ziondoe uweke za risiti zako. Kinachotakiwa ni kuona umbo la gharama.

Chukua seti iliyosimamishwa kwa shilingi 7,500,000. Fremu 4,000,000 kwa miaka 10 ni 400,000 kwa mwaka. Nailoni na nyavu 1,800,000 kwa miaka 4 ni 450,000. Dripu na tanki 1,000,000 kwa miaka 5 ni 200,000. Ufundi 700,000 kwa miaka 10 ni 70,000. Uchakavu wa mwaka unakuwa 1,120,000, na kwa mizunguko miwili kila mmoja unabeba 560,000 kabla hata hujanunua mbegu. Riba ya mkopo haimo.

Gharama za mzunguko mmoja: mbegu 310 (pamoja na za akiba) kwa 350 kila moja, 108,500. Trei na udongo wa miche 40,000. Kilo 700 za samadi iliyooza 50,000. Mbolea za maji 180,000. Viuatilifu 120,000. Kamba na vibanio 40,000. Kusukuma maji 80,000. Kibarua wa nusu siku kwa miezi minne 400,000. Kufungasha na kusafirisha kwa shilingi 80 kwa kilo, 88,000. Jumla 1,106,500, na ukiongeza uchakavu 1,666,500.

Mavuno: miche 280, hesabu asilimia 92 inayofika mwisho, ni 258. Mkulima wa kawaida kwenye udongo, asiye na kipasha joto wala mashine ya mbolea, apange kilo 5 kwa mche. Hizo ni kilo 1,290, na baada ya kutoa asilimia 15 ya yaliyopinda na yaliyozidi umri, unabaki na 1,096 za daraja la kwanza. Gawa: kila kilo imekugharimu shilingi 1,520. Bei ya jumla ikiwa 1,000, hujarudisha hata gharama za mfukoni, ambazo peke yake ni 1,010 kwa kilo. Na mtu wa shamba la wazi, asiye na nailoni ya kulipia, anaweza kuuza kwa 600 akabaki na faida. Sokoni tango lako na lake yanawekwa kwenye tenga moja.

Ukifikisha kilo 8 kwa mche, gharama inashuka hadi 980 hivi kwa kilo, hata baada ya kuongeza usafiri. Kwa hiyo uzazi wa mche una nguvu kuliko kubana bei ya mbegu. Anayenunua mbegu ya nusu bei anaokoa shilingi 54,000. Mavuno yakipungua kwa kilo moja kwa mche, anapoteza zaidi ya kilo 200 za kuuza. Kilo 8 hizo zinapatikana, ila kwa mtu anayelisha mimea kwa dripu kila siku na kupogoa kila siku mbili. Kibarua anayekuja mara moja kwa wiki hatazifikisha.

Jambo la pili lililofichika kwenye hesabu ni kibarua. Nusu siku yake hailipwi vizuri na miche 280. Mtu huyohuyo, kwa kuongezewa kidogo, anaweza kuhudumia miche 580. Ukirudia hesabu kwa kitalu cha mita 8 kwa 30 kilichosimamishwa kwa 12,000,000, kwa kibarua wa 500,000 na kilo 5 zilezile kwa mche, kila kilo inagharimu kama 1,240. Ni tofauti ya shilingi 280 bila kubadilisha ukulima wowote. Ukiwa na uwezo wa kimoja tu, chukua hicho.

Lakini kigawe. Hapa ndipo saizi ndogo inaumiza zaidi kuliko gharama ya kilo, kwa sababu mnunuzi mzuri haangalii bei pekee. Katika wiki 16 za mzunguko una wiki nane tu za kuvuna. Jumla ni wastani wa kilo 160 kwa wiki, zinazopanda kupita 200 wiki ya tatu hadi ya tano kisha zinaporomoka. Baada ya hapo, wiki nane huna hata tango moja. Meneja wa manunuzi wa hoteli anataka kilo 30 Jumatatu, 30 Jumatano na 30 Ijumaa, mwaka mzima. Ukitoweka miezi miwili, ukirudi nafasi imejaa. Kitalu cha mita 30 kiwekewe ukuta wa wavu wa meshi 50 katikati na mlango wake, nusu ya pili ipandwe wiki nane baada ya ya kwanza. Bila ukuta huo nzi weupe na utitiri wa mimea mizee watahamia kwenye miche michanga, na kazi inakuwa bure. Wauzaji wachache sana hutaja mpangilio huu, ingawa nyongeza ya wavu na mlango ni kidogo ukilinganisha na bei ya seti.

Njia za kuuza, kwa ukweli wake. Dalali wa soko la jumla anachukua chochote na analipa palepale, ila anapima kwa lumbesa akiachwa, na bei anaijua yeye. Uza kwa kreti na mizani, sheria ya vipimo iko upande wako. Hoteli za Zanzibar na Arusha zinalipa vizuri zaidi kwa daraja la kwanza, lakini baada ya siku 30, wakati mwingine 60, hivyo unahitaji mtaji wa kulima mzunguko unaofuata kabla pesa ya huu haijaingia. Wengi wanasahau kuliweka hilo kwenye hesabu. Duka la mboga la mtaani na wauza kachumbari wa sokoni hununua kidogo kidogo, taslimu, na ndio watakaomaliza yale asilimia 15 yaliyopinda. Usiyatupe, usiyachanganye.

Kwa kalenda, kitalu kinalipa pale shamba la wazi linaposhindwa. Masika ya Machi hadi Mei ubwiri vinyoya na maji huwafagia walio nje, na bei hupanda. Lenga mavuno yaangukie hapo. Ramadhani nayo huongeza ulaji wa matango, na kwa kuwa husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, tarehe ya kusia mbegu isogee nayo: hesabu siku 75 hivi nyuma kutoka mwezi kuandama ili uwe kwenye mavuno mazito, si kwenye tango la kwanza. Kwa wa nyanda za juu, Juni na Julai usiku wa chini ya nyuzi 15 huchelewesha mavuno kwa wiki mbili au zaidi. Kipindi hicho ni bora kupumzisha udongo.

Na udongo ndio adui wa kitalu kidogo kuliko wote. Minyoo fundo inapenda tango, na inapenda nyanya vilevile, kwa hiyo kubadilishana mazao hayo mawili si mzunguko wa mazao hata kidogo. Mzunguko wa kwanza unapendeza, wa pili unaridhisha, wa tatu au wa nne mimea inanyauka mchana na mizizi ina mafundo. Kilo 5 zinakuwa 2, na uchakavu wa 560,000 unabaki palepale. Kuna njia tatu: kufunika udongo uliolowa kwa nailoni angavu wiki sita kwenye jua kali, kupandikiza tango kwenye shina la mmea wa jamii yake unaovumilia minyoo, au kuhamia mifuko ya vumbi la nazi. Ya kwanza ni ya bei nafuu na inakula wiki zako za mauzo. Ya pili inaongeza gharama ya mche. Ya tatu inataka mtu anayejua kuchanganya mbolea, siku akikosea mimea yote inaungua. Zabuni ya seti isiyotaja udongo wa mwaka wa pili haijakamilika.

Viuatilifu vina mtego wake kwa zao hili. Tango linavunwa kila siku au kila siku mbili, kwa hiyo dawa yenye siku 7 au 14 za kusubiri kabla ya kuvuna haitumiki mavuno yakishaanza, hata kama bwana shamba kaiandika kwenye daftari. Chagua zenye siku 1 hadi 3, zilizosajiliwa kwa tango na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Baada ya kuvuna, kata kwa kisu asubuhi na acha kikonyo cha sentimita moja. Weka kivulini mara moja. Tango linataka nyuzi 10 hadi 12. Jokofu la nyuzi 4 linalitia mabaka ya majimaji ndani ya siku chache, na hapo ndipo hoteli inapokurudishia mzigo wakati kosa ni la jokofu lao. Usilisafirishe pamoja na ndizi mbivu, maembe au nyanya zilizoiva, litageuka njano njiani.

Nani anunue, basi? Mwenye maji safi ya uhakika na mnunuzi wa daraja la kwanza anayemjua kwa jina, na awe mtu wa kukaa shambani kila siku. Huyo achukue cha mita 30 chenye ukuta wa kati. Cha mita 15 kinamfaa anayejifunza au mwenye mgahawa wake mwenyewe. Anayetegemea soko la jumla peke yake aelekeze pesa kwenye dripu na kamba za kupandishia shamba la wazi, atabaki na chenji kubwa.

Ukishaamua, usilipe yote kabla. Bakiza angalau robo mpaka dripu ijazwe maji na kila mpira upimwe mwanzo na mwisho kwa kikombe, dakika kumi, tofauti isizidi moja ya kumi, na mpaka mvua moja ya maana inyeshe juu ya paa. Unene wa nailoni kwa maikroni, meshi ya wavu, kipenyo na unene wa bomba, na masharti ya salfa kwenye dhamana, vyote viandikwe kwenye mkataba kwa namba.